Ujira wa Mchukuzi na Bakhshishi ya Mtumishi wa Chumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewagawia waja riziki zao, akawafanya wengine kuwatumikia wengine ili maisha yao yapate kusimama. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Watu wa pwani ni wasafiri tangu kale. Zamani msafiri alishukia kwa ndugu au kwa rafiki. Mzigo wake hupokewa na vijana wa nyumba, na malazi yake hutandikwa na wenyeji, wala hapana malipo, kwa kuwa mgeni ana haki yake. Leo walio wengi hushukia hotelini, Mombasa na Unguja na Dar es Salaam, hata Makka na Madina waendapo kuhiji na kufanya umra. Huko mzigo wa mtu hupokewa na asiyemjua, na kitanda chake hutandikwa na asiyemwona. Watu wawili hawa, mchukuzi na mtumishi wa chumba, ndio makusudio ya somo hili. Wako wanaowapa kitu pasina kujua kama watoacho ni haki, au zawadi, au sadaka. Na wako wanaowanyima wakidhani kuwa hawadaiwi, kumbe deni limekwisha kaa shingoni.

MAFUNGU YA KITU ANACHOTOA MSAFIRI

Jua, ewe ndugu Mwislamu, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kwamba fedha itokayo mkononi mwa msafiri na kuingia mkononi mwa mtumishi haikosi kuwa moja ya nne hizi.

La kwanza ni ujira, nao ni badali ya kazi iliyopatanwa. Huu ni deni, asiyeulipa amedhulumu. La pili ni hadia, nayo ni kitu kitolewacho kwa kumkirimu mtu na kumpendeza moyo. Hii ni sunna, wala si deni. La tatu ni sadaka, nayo ni kitu kitolewacho kwa kutaka thawabu za akhera. La nne ni rushwa, nayo ni kitu kitolewacho ili mtu apewe kisicho haki yake, au mwengine azuiliwe haki yake. Hii ni haramu kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea, na Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili, kama ilivyopokewa katika Abu Daud na Tirmidhi.

Neno bakhshishi katika vinywa vya watu hukusanya yote manne. Fedha huwa ni ile ile na mkono ni ule ule, bali hukumu ni mbali mbali. Kwa hivyo yampasa mtu ajue atoa nini kabla hajatia mkono mfukoni.

MASUALA YA KWANZA: MCHUKUZI ALIYECHUKUA MZIGO PASINA MAPATANO

Mtu ateremka garini na masanduku yake. Hamali amjia, aweka sanduku begani, amfuata mpaka mlango wa hoteli. Hakutajwa ujira. Je, yalazimu kumlipa?

Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja mfano wa mas'ala haya katika Minhaj, katika mlango wa ijara: mtu aliyempa fundi nguo aishone, au dobi aifue, akaifanya kazi, na hapana aliyetaja ujira. Kauli iliyotangulizwa katika madhehebu ni kuwa hana ujira, kwa kuwa amejitolea kazi yake mwenyewe. Kisha ametaja kauli nyengine, ya kuwa akiwa mtu huyo ajulikana kwa kufanya kazi ile kwa malipo, basi ana ujira wake; na akaashiria kuwa kauli hii huonwa kuwa nzuri. Na wengi katika wanazuoni waliokuja nyuma wametoa fatwa kwayo. Hamali wa bandarini au wa kituo cha magari hana kazi nyengine ila hiyo, na kila mtu ajua kuwa ndiyo chakula chake. Basi mwenye kutaka salama ya dini yake amlipe.

Hayo ni pale ambapo halikusemwa neno. Ama ikiwa msafiri amesema, "Chukua tu, tutaelewana," au, "Twende, nitakuridhisha," hapo jambo limegeuka. Maulamaa wetu wameeleza kuwa neno kama hilo ni ishara ya malipo, na kwa ajili yake hulazimu ujira wa mfano, yaani kiasi wanacholipwa watu kwa kazi kama ile mahali pale. Zingatia sana! Watu wangapi hulisema neno hili kila safari, kisha wakifika mlangoni humtupia hamali kisichofika nusu ya kazi yake, na akinung'unika humfukuza, nao hujiona wametoa ihsani! Hiyo si ihsani. Ni deni lililolipwa nusu. Na Mtume (S.A.W.) amehadithia kutoka kwa Mola wake kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama, ni mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaitimiza kazi kwake, asimpe ujira wake. Amepokea Bukhari. Basi ni nani atakayeweza kusimama mbele ya hasimu huyo kwa ajili ya sanduku moja?

Lililo bora ni kutaja ujira kabla mzigo haujanyanyuliwa. Kutaja si ubahili. Ni kuondoa ugomvi. Wala usione kuwa muungwana hapokei malipo ya kazi aliyoanza kwa hisani. Nabii Musa (A.S.) aliwanyweshea wanyama mabinti wawili wa Madyan asitake kitu, kisha akaitwa na baba yao ili alipwe kwa kunywesha kule, kama ilivyo katika Suratul Qasas. Mzee yule hakusema kwamba kwa kuwa hakushurutisha hana kitu.

MASUALA YA PILI: MCHUKUZI NA MTUMISHI WALIOAJIRIWA NA HOTELI

Hawa ujira wao ni juu ya mwenye hoteli, na mgeni amekwisha lipa katika kodi ya chumba. Akiwapa kitu, ni hadia, asipowapa, hakudhulumu. Bali tazama mwendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Abu Tayba alimpiga chuku, naye akaamrisha apewe pishi ya tende, kisha akasema na mabwana zake wampunguzie kodi waliyomwekea. Hapa pana mambo mawili: kumpa mtu kitu mkononi, na kumsemea kwa wakubwa wake. Mgeni aliyehudumiwa vizuri naye ana mambo mawili hayo: ampe kitu akiweza, na amtaje kwa wema mbele ya msimamizi wake. Hili la pili halina gharama, na huenda likamfaa mtumishi kuliko fedha.

Na katika Bukhari imepokewa kuwa mtumishi akimletea mtu chakula, naye asimkalishe ale pamoja naye, basi ampe japo tonge moja au mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona joto lake na taabu yake. Mtumishi wa chumba ndiye aonaye taabu ya chumba: huosha choo alichotumia mwengine, hukunja mashuka aliyolalia mwengine, kisha huondoka kabla mwenyewe hajarudi. Mchukuzi angalau huonekana akitoka jasho, mtu akamhurumia. Huyu wa chumba haonekani, na kwa hivyo ndiye asahauliwaye.

MASUALA YA TATU: FEDHA ILIYOACHWA CHUMBANI

Hadia katika madhehebu ya Imamu Shafii haina sharuti ya maneno. Kupeleka kwa huyu na kupokea kwa yule kwatosha. Lakini lazima ijulikane kuwa ni hadia. Mgeni akiacha noti juu ya meza akenda zake, mtumishi hawezi kujua kama ameachiwa au imesahauliwa. Akiichukua kwa kudhania, ameingia katika shaka. Na pengine huitwa mwizi na kufukuzwa kazi. Kwa hivyo mgeni aandike karatasi ndogo kuwa hii ni ya anayesafisha chumba, aiweke pamoja na fedha. Au amkabidhi mkononi. Na mtumishi aonaye fedha isiyo na dalili ajue kuwa hiyo ni amana ya mwenyewe anayejulikana. Airudishe, au aikabidhi kwa msimamizi.

Tena ni bora kutoa kila siku kuliko kungoja siku ya kuondoka, kwa sababu watumishi hupokezana zamu. Aliyesafisha siku sita huenda siku ya saba akawa hayupo, ikapokea mkono usiofanya kazi.

MASUALA YA NNE: KIASI CHAKE

Sharia haikuweka kiasi. Hurejewa ada ya mahali, na katika kanuni za fiq'hi ni kuwa ada huhukumu. Marekani ni ada mgeni kumpa mchukuzi dola moja au mbili kwa kila sanduku, na kumwachia msafishaji wa chumba kitu kwa kila usiku. Japani si ada kabisa, na mtumishi huenda akairudisha fedha kwa adabu. Mgeni aulize wenyeji wanaoaminika, asilete ada ya kwao akawalazimisha wengine.

Asiye na uwezo hana lawama. Imepokewa kuwa aliyetendewa wema alipe, na asiyepata cha kulipa amwombee mwenziwe dua. Na mwenye deni asilotaraji kulilipa, au mwenye watu wa kulishwa, haijuzu kwake kugawa sadaka kile wanachokihitajia hao. Wala asitie bakhshishi katika hesabu ya zaka, ikiwa ameitoa badali ya kazi.

MASUALA YA TANO: MAMBO YA KUJIHADHARI KWA MTOAJI

Kwanza, rushwa. Kumpa karani wa hoteli kitu ili ampe mgeni chumba alichokwisha kupangiwa mwengine, au kumpa mchukuzi ili ayapite masanduku ya waliotangulia, ni haramu, japo iitwe bakhshishi. Na mahujaji wajihadhari zaidi, kwa kuwa umati ni mkubwa na kila mmoja ataka kutangulia.

Pili, masimango. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Atoaye kisha akamtuma mtumishi vya ziada, au akamkemea kwa kuwa "amekula fedha yake", amekula thawabu zake mwenyewe.

Tatu, kumbebesha mtu asichokiweza. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kuwa tusiwakalifishe watumishi yanayowashinda, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Sanduku la kilo 23 si jepesi, na mzee wa miaka sitini hulinyanyua kwa sababu ya njaa. Mwenye nguvu ashike upande wa pili.

Nne, faragha. Mtumishi wa chumba mara nyingi ni mwanamke. Aingiapo, mwanamume atoke, au asubiri mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Wala hadia isiwe chambo. Fedha iliyotolewa kwa nia mbaya ni dhambi juu ya dhambi.

MASUALA YA SITA: MAMBO YA KUJIHADHARI KWA MPOKEAJI NA MWENYE HOTELI

Mtumishi asimbane mgeni mpaka akatoa kwa haya. Maulamaa wamesema kuwa kitu kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Wala asimhudumie mwenye kutoa akamwacha asiyetoa, maana ujira wa kazi yake ameupokea kwa wageni wote. Na ikiwa mwajiri wake amemkataza kupokea naye amekubali sharti hiyo, asipokee.

Ama mwenye hoteli, ole wake akimwambia kijana, "Sina mshahara wa kukupa, fanya kazi, mshahara wako utaupata kwa wageni." Ijara hii si sahihi, kwa kuwa sharuti ya ijara ni kujulikana ujira, na huu haujulikani kiasi chake wala kupatikana kwake. Kijana akifanya kazi, yamlazimu mwenye hoteli kumlipa ujira wa mfano kutoka mali yake. Na akiweka sanduku la bakhshishi la watumishi, au akatia katika hesabu fedha na kuwaambia wageni kuwa ni ya watumishi, basi yeye ni mwenye kuaminiwa tu. Akizuia senti moja, amehini amana.

KHITIMU

Basi, ewe ndugu, ukisafiri weka fedha ndogo ndogo katika mfuko mmoja, ili usije ukasema huna chenji ukamwacha mtu na jasho lake. Taja ujira kabla ya mzigo kunyanyuliwa. Ukisema utamridhisha, mridhishe. Msalimu anayesafisha chumba chako, na umwachie chumba kisicho na uchafu wa makusudi. Kisha ujiulize usiku: je, yuko leo aliyenitumikia naye ataka kitu kwangu? Kwani haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba, na haki ya mja haiondoki mpaka ilipwe au mwenyewe asamehe. Na wapi utamwona tena mchukuzi usiyemjua jina, katika mji usiorejea?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza haki za watu kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirhamu. Amin.

Wallahu aalam.