Baraza, Mawe na Miti: Kusoma Makao ya Watawala Kutoka Kilwa hadi Uhehe

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, baraza ni mahali pa kukalia na pia ni mkutano wa wale wanaokaa hapo kuamua mambo. Lugha yenyewe, basi, inadokeza kwamba mamlaka huhitaji mahali pake. Makala haya yanadai kuwa akiolojia inayotafuta mahali hapo kwa kigezo cha mawe peke yake huwapunja watawala wa bara.

2.0 Ushahidi wa Mawe

Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, ilijengwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ilichimbuliwa na Neville Chittick miaka ya 1960. Kasri hilo lina vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa na bwawa la pembe nane. Nyua hizo zinapangana hatua kwa hatua, na kila mlango ni kizuizi kwa asiyealikwa. Hadhi ya mtu ilipimwa kwa umbali alioruhusiwa kuingia. Kwa hiyo, si mawe bali ni mpangilio unaosema.

3.0 Ushahidi wa Miti na Udongo

Mpangilio huweza kusomeka hata kuta zikitoweka. Huko Yeavering, kaskazini mwa Uingereza, kumbi za wafalme wa karne ya 7 zilikuwa za mbao. Kati ya 1952 na 1962, Brian Hope-Taylor alizitambua kwa mashimo ya nguzo na madoa ya udongo tu. Hata hivyo, hakuna anayetilia shaka ufalme huo.

Uhehe haujasomwa kwa jicho hilo. Kalenga ya Mkwawa hukumbukwa kwa ukuta wa mawe uliovunjwa na Wajerumani mwaka 1894. Lakini Wahehe walijenga pia tembe: nyumba za miti na udongo, zenye paa bapa, zilizozunguka ua. Ua huo nao ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenyewe.

4.0 Hitimisho

Mtafiti atakayefika Igowole, wilayani Mufindi, asiulize kwanza magofu yako wapi. Atafute sakafu zilizoshindiliwa, majivu ya mekoni na mashimo ya nguzo. Kisha akusanye msamiati wa Kihehe wa nyumba, ua na vikalio kutoka kwa wazee. Udongo utasubiri jembe la mchimbaji, lakini maneno hayatasubiri.