Ndovu Amekula Shamba Lako Voi: Fuata Haki Yako Hivi

Ukiamka alfajiri kule Ndii, Sagalla au Maungu ukakuta mahindi yamelala chini na uzio umeburutwa mpaka njiani, moyo utakutuma ushike jembe uanze kusafisha. Usiguse kitu. Shamba lilivyo asubuhi hiyo ndilo shahidi wako wa kwanza, na jua la Voi likishapanda, nyayo hufifia na mabua hunyauka hadi mtu asiyekuwepo asijue palitokea nini.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Ndovu (sisemi tembo, maana huku Pwani tembo hugemwa mnazini) hajui mpaka wa mbuga uko wapi. Wewe una Katiba ya 2010 na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na zote mbili zinatambua haki zako. Shida ni kwamba wengi wetu tunazijua haki hizi kwa mdomo, na afisini mdomo haufunguliwi faili.

Hatua ya kwanza: piga picha kabla ya chai. Simu yoyote yenye kamera inatosha. Piga shamba zima kutoka pembe mbili, kisha usogee karibu. Kwenye wayo wa ndovu weka kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama kiberiti au ndala yako. Piga kinyesi, mabua yaliyotafunwa, nguzo zilizovunjwa. Pima eneo kwa hatua za miguu na uandike: mahindi hatua kadhaa kwa kadhaa, pojo vivyo hivyo. Andika tarehe na saa papo hapo, usingoje jioni.

Piga na uzio wako pia, hata kama ni wa miiba. Sheria inasema hulipwi fidia ya mazao au mifugo ikiwa hukuchukua hatua za kadiri kujilinda. Ndiyo maana uzio wa mizinga ya nyuki wanaoutumia wakulima wa Sagalla una faida zaidi ya asali. Mizinga huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huondoka. Uzio huo ni ushahidi kwamba hukulala tu ukingoja hasara.

Hatua ya pili: ripoti siku hiyo hiyo. Anza na mzee wa kijiji na naibu wa chifu, kisha afisi ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe. Omba fomu ya madai ya fidia, na uulize ni lini afisa wa kilimo atakuja kukadiria hasara. Akija, tembea naye shambani. Usimwache azunguke peke yake huku wewe ukipika ugali wa kumkaribisha. Kabla ya kutia sahihi, soma alichoandika. Kama eneo limepungua, sema hapo hapo, kwa adabu. Wala usiongeze ekari ambazo hazikuguswa. Afisa aliyekushika kwa uongo mmoja atakutilia shaka hata msimu ujao.

Akiumizwa au kuuawa mtu, mambo yanabadilika: polisi waandike kisa kwenye kitabu cha matukio (OB) na wakupe nambari, na daktari aandike ripoti yake. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha la ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, yenye maafisa wa serikali na wawakilishi wa jamii, huhakiki dai hilo na kulipeleka kwa waziri pamoja na mapendekezo yake. Mazao na mifugo hukadiriwa kwa bei ya soko.

Hatua ya tatu: kopi mbili, mhuri mmoja. Hapa ndipo wengi tunapoanguka, nami nimewahi kuanguka. Niliwahi kupeleka barua katika afisi moja, nikashukuru, nikaondoka mikono mitupu. Niliporudi baada ya wiki kadhaa niliulizwa, "Barua gani?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo natoa kopi saiba kwanza. Moja inabaki afisini, nyingine inapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nami nyumbani.

Hatua ya nne: ukiambiwa "faili imeenda juu", andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, bila ada ya kuwasilisha ombi. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa, na ombi lake huwekwa kwenye maandishi. Sababu zako za kutaka habari haziwezi kukunyima haki hiyo. Andika hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa Sagalla. Tarehe 14 Januari niliwasilisha dai la fidia ya mahindi na pojo zilizoharibiwa na ndovu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, naomba kujulishwa dai langu limefika wapi, kamati ililijadili tarehe gani, na iliamua nini. Naomba pia kopi ya ripoti ya ukadiriaji wa shamba langu."

Basi. Swali la "kwa nini mnatunyanyasa?" lina haki yake barazani, lakini halijibiki kwa kufungua faili.

Afisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Inaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14. Isipojibu kabisa, sheria huhesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa, nawe una siku 30 za kuomba Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, iangalie upya.

Hatua ya tano: dai likikataliwa. Taka sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Usiporidhika na uamuzi wa kamati, una siku 30 tangu ujulishwe kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Muda wote huo, mkuki na mshale wa sumu vikae mbali. Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kutunza mazingira, na ukimuua ndovu, wewe mdai utageuka mshtakiwa mahakamani.

Karatasi zote ziweke kwenye mfuko wa nailoni, mbali na bati linalovuja. Na vuli ikikaribia, kabla hujapanda, piga picha ya uzio.