Kabla ya Gari la Wagonjwa Kufika

Tazameni ramani ya Mkoa wa Kagera, mkatafute Bweranyange katika Wilaya ya Karagwe. Hapo palikuwa na makao ya Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika kwake mwezi wa Novemba, 1861. Grant aliugua kidonda kibaya cha mguu, akashindwa kutembea kwa miezi kadhaa. Mwenzake alitangulia kwenda Buganda mwezi wa Januari, 1862. Grant alipoondoka mwezi wa Aprili, alibebwa kwa machela.

Siku hizi zipo barabara, na hospitali ipo Nyakahanga. Hata hivyo nyumba nyingi zimo vilimani, katikati ya migomba, ambako gari la wagonjwa hupita kwa shida, hasa wakati wa masika. Fikirini mtu anafyeka shamba, panga likateleza na kumkata mguuni. Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu huyo aweza kufa kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo wa kumsaidia ni jirani aliyefundishwa huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1962, hufundisha watu wa namna hii, nao hujitolea.

Jaribio: Jazeni maji katika mfuko wa plastiki, mwufunge. Utoboeni kwa msumari. Maji yanatoka kwa nguvu gani? Sasa kunjeni kitambaa, mkibandike juu ya tundu na kukandamiza kwa kiganja. Mnaona nini?

Mhudumu hufanya vivyo hivyo. Huvaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi, kwa kuwa damu huweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Kisha hukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitambaa kikilowa, huongeza kingine juu yake na kuzidi kukandamiza. Mfuko wetu hautajiziba wenyewe, lakini damu huganda. Kukandamiza huipa nafasi ya kuganda. Ndiyo maana haifai kufunua kila mara ili kuchungulia, ingawa kila mtu hutamani kufanya hivyo. Wako pia wanaopaka jeraha udongo. Nia yao ni njema, lakini vijidudu vya pepopunda huishi udongoni.

Mtu aliyezimia lakini anapumua hulazwa kiubavu. Akilala chali, ulimi huweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa, na ubongo huanza kuharibika kwa dakika chache ukikosa oksijeni. Asinyweshwe chochote, hata maji.

Baada ya hapo mgonjwa hupelekwa barabarani. Ng'ambo ya mpaka, huko Kigezi nchini Uganda, wanakijiji wameunda vyama vya engozi, yaani machela, nao hupokezana kubeba wagonjwa. Machela hutengenezwa kwa miti miwili imara na blanketi. Mahali tambarare miguu ya mgonjwa hutangulia, ili mbebaji wa nyuma auone uso wake na kujua kama anapumua. Kwenye mwinuko kichwa hutangulia. Mfupa uliovunjika hufungwa kwanza kwa banzi, kwa maana ncha zake zikicheza huweza kukata mishipa.

Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, upo mpango wa m-mama. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo. Pasipokuwa na gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyekubali kazi hiyo, naye hulipwa kwa safari. Ninyi hamtabeba wagonjwa bado. Kazi yenu ni kuita mtu mzima upesi na kumweleza mahali mgonjwa alipo.

Maswali
1. Kwa nini kitambaa kilicholowa damu hakiondolewi?
2. Mtu aliyezimia hulazwa namna gani, na kwa nini?
3. Mnapanda kilima na machela. Ni upande upi wa mgonjwa utakaotangulia?
4. Chora njia kutoka nyumbani kwenu hadi mahali ambapo gari huweza kufika. Itembee, uhesabu dakika.