Dondoo muhimu: Kuandika kwa Kiswahili ughaibuni

Mwandishi wa Kiswahili anayeishi ughaibuni, yaani mbali na nchi alikozaliwa, hana budi kutenga saa maalumu za kuandika, kwa kuwa kazi za zamu humeza wiki nzima bila kuaga. Jambo zito zaidi ni sikio: lugha asiyoisikia kila siku hudumaa kalamuni, na ndiyo maana kuwasomea wasemaji wawili au watatu mswada kwa sauti, hata kwa simu, kuna faida kuliko kundi kubwa linalokutana kwa nadra. Waandishi Abdilatif Abdalla, aliyefanya kazi London na baadaye kufundisha Leipzig, na Said Ahmed Mohamed, aliyefundisha Bayreuth, wanadhihirisha kwamba idara za Kiswahili vyuoni zaweza kuwa baraza, yaani mahali pa mazungumzo na kukosoana, ingawa si kila mji unazo. Baada ya kukosolewa, miswada isiyochapishwa, ikiwamo ya mashairi, hupokewa na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Masharti ya mwaka husika yasomwe kabla ya kutuma.