SOMO LA MWEZI: TOBA ILIYO NA MATUNDA

Masomo: Mathayo 5:23-24, Luka 19:1-10



Katika somo la kwanza Bwana wetu anasema habari za mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Angalieni ni nani anayetakiwa kuondoka. Ni yule mkosaji. Haambiwi amngoje ndugu yake aje kanisani, wala hatumi mtu wa kumwambia asahau yaliyopita. Aende yeye mwenyewe kwanza.

Mwezi huu tutalitazama neno hili katika habari za Kanisa Anglikana la Kanada, ndugu zetu katika Jumuiya moja.

1. Kosa

Walowezi kutoka Ulaya walipoingia katika nchi ile, walikuta watu wenye ardhi yao, lugha zao na desturi zao. Baadaye Serikali ikakusudia kuwatoa watoto wa wenyeji hao mikononi mwa wazazi wao na kuwaweka katika shule za bweni, ili wakue kama watoto wa walowezi. Kazi ya kuendesha shule nyingi ilipewa makanisa. Kanisa Anglikana liliendesha zaidi ya 30, kwa nyakati mbalimbali, hadi mwaka 1969. Kwa jumla watoto wapatao 150,000 walipita katika shule za namna hii, na Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyomaliza kazi yake mwaka 2015, ilihesabu zaidi ya 3,000 waliofia humo.

Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Wengi wetu tunakumbuka kibao alichovishwa mtoto aliyesema kikwao shuleni. Lakini sisi jioni tulirudi nyumbani, na mama akatusemesha kwa lugha yetu. Wale hawakurudi. Wengi walipokwenda kwao baada ya miaka, hawakuweza tena kuzungumza na bibi zao.

2. Kukiri

Mwezi wa Agosti 1993, mahali paitwapo Minaki, Askofu Mkuu Michael Peers alikutana na Wakristo wenyeji. Kwanza aliketi akasikiliza habari za waliosoma katika shule hizo. Ndipo akasimama, akaomba radhi kwa niaba ya Kanisa. Alikiri kwamba Kanisa lilitaka kuwafanya wenyeji kwa mfano wake lenyewe. Hapo ndipo dhambi ilipo, kwa maana Mwanzo 1:27 inatufundisha kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, si kwa mfano wa mmisionari. Tena alikiri kwamba watu wale wamekwisha kusikia maneno mengi matupu yasiyofuatwa na vitendo.

Wazee walilipokea ombi lake. Lakini kupokea ombi si kufunga shauri.

3. Kulipa

Zakayo hakuishia katika majuto. Alitaja kiasi: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Kanisa la Kanada nalo lilifikishwa hapo, na njia ilikuwa ngumu. Katika shule ya Lytton, mlezi wa bweni alikuwa amepatikana na hatia ya kuwanajisi wavulana, na mwaka 1999 mahakama iliamua kwamba Kanisa na Serikali wote walipaswa kuwajibika. Gharama za mashauri zikaifilisi Dayosisi ya Cariboo, ikafunga kazi zake mwaka 2001. Mwaka 2003 Kanisa zima lilikubali kutoa hadi dola milioni 25 za Kanada kuwalipa waliodhulumiwa. Dayosisi zisizowahi kuwa na shule hizo nazo zilichanga. Hazikusema, "Hayo si yetu."

4. Yanayobaki

Fedha hairudishi lugha iliyopotea. Kwa hiyo mwaka 2019 Askofu Mkuu Fred Hiltz aliomba radhi tena, safari hii kwa madhara ya kiroho, kwa kuwa Kanisa lilidharau sala na mila za wenyeji. Mwaka huohuo Sinodi Kuu iliwafungulia wenyeji njia ya kujiongoza wenyewe ndani ya Kanisa. Waliotawaliwa sasa wanaketi kama wenye nyumba.

Basi tujifunze utaratibu huu: kusikiliza, kukiri, kulipa, na kuachia madaraka. Msamaha ni zawadi ya aliyekosewa. Mkosaji hawezi kuudai.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Yesu anataka sadaka ingoje, upatanisho utangulie?
2. Je, mtu asiyetenda kosa mwenyewe anapaswa kuchangia malipo yake? Kwa nini?
3. Katika mtaa wetu, ni nani ambao tumeidharau lugha yao, au tumekaa juu ya ardhi yao: wafugaji, wawindaji, wageni? Nani atakwenda kuwasikiliza?

Sala

Ee Mungu, uliyewaumba watu wote kwa mfano wako, utujalie masikio ya kusikia tuliowakosea, na mikono iliyo tayari kurudisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.