Mvinyo wa nanasi unaokwaruza koo

SWALI: Niko Kahama. Nakamua mananasi ya Geita, natia sukari na hamira kwenye dumu. Baada ya wiki mbili mvinyo unakwaruza koo na kunuka hamira. Nakosea wapi?

JIBU: Tunda lako halina kosa. Adui mkubwa ni joto. Mchana wa Kahama unakaribia nyuzi 30, na hamira ikichacha kwenye joto hilo hutoa pombe nzito zenye ukali wa kukwaruza koo. Mvinyo wa matunda unataka nyuzi 18 hadi 22. Simamisha dumu ndani ya beseni la maji, livishe gunia lililolowa, liweke kivulini penye upepo. Gunia lifyonze maji muda wote, usiku pia.

Sukari nayo upunguze. Juisi ya nanasi lililoiva ina takriban gramu 120 kwa lita, zinazotosha pombe ya asilimia 6 au 7. Ongeza gramu 50 tu kwa lita. Hamira, nusu kijiko cha chai kwa lita 5; wengi humwaga pakiti nzima, na harufu ya hamira ndiyo malipo yake.

Povu likitulia, vuta mvinyo kwa mpira safi, mashapo yabaki chini. Jaza chombo kipya hadi shingoni, maana hewa huleta siki. Uache miezi miwili. Ukiutia kwenye chupa, usizizibe kabla uchachukaji haujakoma kabisa: gesi huzipasua, na vigae vya kioo huumiza watu.