Mtoto ana homa: ni nani anayetoa ruhusa aende hospitali?

Wazazi wengi wa Migori na Homa Bay wanajua kwamba malaria huletwa na mbu. Neti wanayo, na dawa wanaijua. Hata hivyo, kanda ya ziwa bado inaongoza nchini: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020, watoto wapatao 19 kati ya kila 100 waliopimwa hapa, wa miezi 6 hadi miaka 14, walikuwa na vimelea. Kitaifa walikuwa 6.

Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wahudumu wa afya husisitiza saa 24 za kwanza tangu homa ianze. Katika boma nyingi, saa hizo huishia kwenye mashauriano. Mama ameona mtoto anachemka, lakini nauli ya bodaboda iko kwa baba, na baba yuko ziwani usiku kucha au machimboni. Mama mkwe anasema wangoje kuche. Dukani kuna Panadol. Homa inashuka kidogo, kila mtu anapumua, na vimelea vinaendelea kuharibu damu. Kumlaumu mama hapa si haki. Heri baba na mama wakubaliane mapema, kabla hakujakuwa na mgonjwa, kwamba aliye na mtoto ndiye anayeamua, na wamwachie akiba ya nauli.

Degedege ndiyo huleta utata mkubwa zaidi. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengine husema ni pepo, sihoho au chira, na ugonjwa wa namna hiyo huonekana kuwa si wa hospitali. Wengine huamini kabisa kwamba sindano itammaliza. Imani hiyo haikutoka hewani: waliofika wodini wakiwa wamechelewa walifia huko, na kijiji kikakumbuka sindano, si siku tatu zilizotangulia. Ukweli ni kwamba artesunate, dawa ya malaria kali, hutolewa kwa sindano. Degedege ikianza, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala dawa wala kijiko, na safari ianze mara moja. Mambo ya ukoo na manyasi wazee wanaweza kuyazungumza mtoto akiwa tayari wodini.

Dalili nyingine husahaulika kwa sababu haina kishindo: viganja vyeupe. Malaria hula damu. Mtoto aliyepauka, anayehema haraka au asiyenyonya ni wa dharura hata kama mwili umepoa.

Kuhusu neti, tazama mahali watoto wanapolala. Neti hufungwa juu ya kitanda cha wazazi, na mtoto mdogo hulala humo. Akizaliwa mwingine, wa kwanza huhamia sakafuni sebuleni au jikoni kwa nyanya, ambako hakuna pa kuifunga. Msiba nao huwakesha watoto nje siku kadhaa. Pwani ya ziwa, neti huanikia omena au huvulia. Dawa iliyo ndani yake ni sumu kwa samaki.

Dawa za kumeza za AL zina dozi sita kwa siku tatu. Mtoto akichangamka siku ya pili, zilizobaki huwekwa kwa ajili ya ndugu yake. Wote wawili hukosa tiba kamili.

Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya tarehe 13 Septemba 2019 huko Ndhiwa, Homa Bay. Ratiba ilianza na dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Ya mwisho ndiyo rahisi kusahaulika, kwani wengi huona kliniki imeisha baada ya sindano ya surua. Chukua kijitabu cha mtoto uangalie tarehe iliyoandikwa. Kama imepita, mwone mhamasishaji wa afya wa kijiji chako au nenda zahanati iliyo karibu.